Nesi Mkurya na Mama wa Kisukuma

Nilipopangiwa leba kwa mara ya kwanza, mwaka 2011, katika hospitali moja kubwa ya serikali jijini Dar es Salaam, sista aliyenipokea alinitembeza kitanda kwa kitanda. Akanionyesha mafaili, kabati la dawa, mtungi wa oksijeni na ndoo za klorini. Tulipomaliza akanivuta pembeni, dirishani.

"Sasa mdogo wangu, nikupe siri ya kazi. Hawa wa Pwani wanadeka, kelele zao usizibebe mpaka uone kichwa cha mtoto. Mchaga na Mhaya wanajua haki zao, ukimjibu vibaya kesho unaitwa kwa mganga mfawidhi. Msukuma hana neno, anajifungua kimya kimya kama anachuma pamba." Kisha akanipiga begani huku akicheka. "Na nyie Wakurya hata maumivu hamyasikii."

Nilicheka pamoja naye. Nilikuwa mgeni, natokea Tarime, sina ndugu mjini zaidi ya binamu mmoja wa Gongo la Mboto, na yule dada alikuwa ananipa kitu alichokiamini kwa moyo wote. Tena hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja juu ya tumbo na kuhesabu uchungu ndani ya dakika kumi. Ndiye aliyenifundisha kumpokea mtoto aliyetanguliza makalio bila kumvuta. Mikono yake ilikuwa na elimu ambayo sikuikuta kwenye daftari la chuo. Ndiyo maana na yale mengine niliyapokea. Yalikuja ndani ya kapu moja na ujuzi wenyewe, na mimi sikujua kuchambua.

Dar es Salaam ina watu wa kila kona ya nchi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na makabila ya Tanzania ni zaidi ya 120. Leba wanafika wote. Anafika mama wa Mkuranga kwa bajaji saa saba za usiku, anafika Mmakonde wa Mbagala, Mnyakyusa wa Kimara, Mmasai ambaye mumewe ni mlinzi Masaki. Tangu ile ya 1967, sensa zetu haziwaulizi watu kabila, na mimi naona hilo ni jambo la busara kubwa. Sisi wodini tulikuwa tunauliza kila siku. Hatukuuliza kwa mdomo. Tulisoma jina la ukoo kwenye faili, tukasikiliza lafudhi, tukatazama mtu kajifungaje khanga, basi, hukumu imetoka. Wakati wa kukabidhiana zamu ungesikia, "Kitanda cha pili ni Mkinga, kitanda cha tano Mzaramo, jiandae na makelele." Mimba ya ngapi, njia imefunguka sentimita ngapi, presha ikoje, hayo yalifuata baadaye.

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa mwezi wa nne mwaka 2014, masika imelifunga jiji. Tulitakiwa tuwe wakunga wanne, tukafika wawili. Wenzetu walikwama, Jangwani hapapitiki. Wazazi walikuwa tisa.

Kitanda cha tatu alilala mama aliyetoka Maswa miezi michache nyuma, kamfuata mumewe aliyekuwa anafanya kazi ya ujenzi. Mimba yake ilikuwa ya tatu. Kiswahili alikuwa nacho, ila alikitoa kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho. Kitanda cha nne kulikuwa na binti wa Kisarawe, mimba ya kwanza, na huyo sauti yake ilifika hadi mapokezi. Alimwita mama yake, alimwita Mungu, aliniita mimi, alimlaani mumewe kwa jina na kwa ukoo.

Saa nne usiku nilimpima yule wa Maswa. Njia ilikuwa sentimita nne, mapigo ya mtoto mazuri. Nikaanza kuchora patografu yake, ile karatasi ya kufuatilia uchungu na hali ya mtoto. Kanuni ya kazi iko wazi: mama akishafika hapo, mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa, uchungu unahesabiwa, na mzazi wa mimba ya tatu hachezewi maana anaweza kufungua njia yote wakati wewe unaosha mikono. Nilijua haya. Nilishawahi kuwafundisha wanafunzi. Lakini kila nilipoinua macho upande ule nilimwona kalala kwa ubavu, kaukabili ukuta, hatikisiki. Nikajisemea moyoni, Msukuma huyo, yuko salama. Nikapita. Patografu yake ina alama ya saa nne, ina alama ya saa nne na nusu, halafu karatasi ni nyeupe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimelisikia neno hilo tangu shule ya msingi, na usiku ule lilinipita masikioni.

Ilipogonga kama saa saba na robo, yule binti wa Kisarawe akapiga kelele nyingine. Mimi nilikuwa kitanda cha nane na mzazi mwingine, nikamjibu kwa ukali kutoka kule kule, "Mama, subiri, si wewe peke yako humu!" Akasema, "Sista, si mimi! Ni huyu mwenzangu! Njoo umwangalie huyu!"

Nilimkuta binti mwenyewe kashuka kitandani, ameinama kwa maumivu yake, mkono mmoja tumboni. Mkono mwingine kaushika mguu wa mtoto ili asianguke. Mtoto alikuwa ameshatoka, yuko katikati ya miguu ya mama yake, juu ya godoro la raba. Alikuwa mzima, wa kike. Mama yake alikuwa bado ameukabili ukuta. Kwenye meno alibana pindo la khanga, na nilipolitoa niliona limetoboka matundu mawili. Vidole vyake vilikuwa vimekamata chuma cha kitanda hata ikabidi nivifungue kimoja kimoja. Damu ilikuwa inatiririka upande wa ukutani, inadondoka sakafuni mahali ambapo mtu anayepita katikati ya wodi hawezi kuiona.

Nikamchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 pajani, nikaanza kusugua tumbo, mwenzangu akaweka kanula mbili, vile vibomba vya kwenye mshipa, na dripu zikafunguliwa zote. Tukaweka mpira wa mkojo. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka nusu, kipande kimebaki. Daktari aliitwa, akaja mbio, akakitoa kwa mkono. Mama akaongezewa chupa mbili za damu. Ilipofika alfajiri presha yake ilikuwa imerudi, mtoto kashika ziwa, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, glovu bado mikononi.

Yule binti wa Kisarawe alijifungua saa kumi na mbili kasoro, mtoto wa kiume. Alipiga kelele mpaka mwisho. Kila nikikumbuka kwamba sauti ile niliyokuwa naidharau ndiyo iliyomwokoa mwenzake, moyo unanishuka.

Asubuhi nilimfuata yule mama wa Maswa. Wifi yake alikuwa ameshaingia na chupa ya uji. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuniita?" Akamtazama wifi yake, hakujibu. Wifi ndiye aliyesema.

"Mimi ndiye niliyemkataza, sista. Mwaka jana nilizalia hapa hapa. Nikamwambia ukikuta zamu ya yule nesi Mkurya, ufunge mdomo. Yule anapiga."

"Nilikupiga?"

"Hapana, hukunipiga. Ulinifokea. Ukaniambia mbona wenzio hawapigi kelele. Wazazi wengine wakasema huyo ni Mkurya, ukimjibu atakuzaba kofi. Ndiyo nikamwambia wifi."

Sikuwa na la kusema. Mimi nilimsoma Usukuma wake nikaona mtu asiyehitaji kusogelewa. Yeye aliusoma Ukurya wangu akaona mtu asiyefaa kuitwa. Kumbe ule uvumilivu niliokuwa nausifu ulikuwa hofu, na aliyeogopwa ni mimi. Na siwezi kujitetea kwamba wifi alinisingizia kwa sababu ya kabila langu tu, maana kumfokea nilimfokea.

Kuna jambo jingine, na hili nimechukua miaka kulitamka. Kwenye ripoti ya asubuhi ile niliandika kwamba mzazi "hakutoa taarifa ya uchungu". Maneno hayo ni ya kweli, lakini niliyaandika ili lawama imwangukie yeye. Siku tatu baadaye nilikwenda kwa sista inchaji, nikamfungulia ile patografu, nikamwonyesha sehemu nyeupe. Nilipewa onyo. Lilikuwa langu, nililistahili.

Nilipotulia nilianza kufikiria habari ya kimya, na hapo sikuwa na haja ya kwenda Usukumani. Nilirudi nyumbani kwetu. Nilipokuwa na miaka kumi, dada yangu alikeketwa katika msimu wa Desemba. Nilisimama mbali kidogo na wasichana wadogo, nikaona wanawake wanamkazia macho, wanangoja kama atatikisa hata kope. Hakutikisa. Wakapiga vigelegele, baba akasifiwa, na nyumbani neno likawa moja tu: hakulia. Hakuna aliyeuliza kama iliuma. Mwaka uliofuata, 1998, ilipitishwa sheria inayokataza ukeketaji wa mabinti walio chini ya miaka 18. Mimi nilinusurika kwa sababu shangazi alikuja kunichukua akanipeleka Musoma kusoma. Dada yangu hakupata bahati hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia Wakurya hawasikii maumivu, namkumbuka dada. Alisikia. Alifundishwa kutosema, na adhabu ya kusema ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Vivyo hivyo yule binti wa Kisarawe naye alikuwa amelelewa na watu wake, kwamba mwanamke akiwa kwenye uchungu aachwe atoe sauti, waliomzunguka wamsikie, wamshike. Sauti na kimya ni malezi. Havinielezi mfuko wa uzazi ukoje, wala damu imemwagika kiasi gani. Na ndani ya malezi hayo hayo watu hawafanani. Nimewahudumia Wasukuma waliopiga kelele mpaka paa likaitika, na Wazaramo waliojifungua wakiwa wanasoma dua kwa sauti ya chini.

Najua wapo watakaosema, sista, huu ni utani wetu wa jadi, usitunyang'anye. Mimi utani naupenda. Mpare na Mchaga wakitaniana kuhusu hela nacheka hadi machozi, na utani wa Mzaramo na Mnyamwezi una umri mkubwa kuliko sisi sote. Lakini utani wa wazee wetu una masharti. Mtani ni mtu anayeweza kukujibu, papo hapo, kwa neno kali kuliko lako. Halafu mtani ana kazi. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, anashika shughuli za msiba ambazo ndugu hawaziwezi kwa majonzi. Anakucheka kwa sababu ana deni kwako. Mzazi aliyelala na dripu mkononi, miguu wazi, hana nafasi ya kunijibu mimi niliyevaa sare. Na mimi nilipomwita mdekaji sikuwa nimejifunga kumfanyia lolote la ziada. Kwa masharti ya wazee, ule haukuwa utani.

Baadaye nilihamishiwa wodi ya wanaume, nikayakuta yale yale katika mavazi mengine. Kulikuwa na mzee mmoja, jina lake la ukoo tu lilitosha kumpeleka Kilimanjaro. Daktari aliandika dawa ambazo siku hizo hazikuwepo kwenye duka la hospitali, na kijana wetu mmoja akampa karatasi akasema, "Mzee Mchaga huyu, atanunua nje, hela si tatizo." Siku tatu dawa hazikuonekana. Tukaanza kusema ni mbishi, ni mbahili. Siku ya nne nikaketi kitandani kwake, nikamwamkia, nikamuuliza anaishi na nani. Alikuwa mbeba mizigo Kariakoo, kwao Rombo hajaenda miaka sita kwa kukosa nauli, na alilala kwenye kibaraza cha duka. Aliona haya kusema. "Watu wanajua sisi tuna pesa," akaniambia, "ningesema sina nani angeniamini?" Nilimwita mtu wa ustawi wa jamii, akamsikiliza, akamwandikia msamaha wa malipo. Dawa zilipatikana jioni ile ile. Siku nne zilikuwa zimepotea kwa sababu ya jina.

Na vijana wenye selimundu! Hapa nisipojizuia nitaandika hadi kesho. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na kwetu umeenea sana Pwani na Kanda ya Ziwa. Seli za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mfupa unakosa hewa, na maumivu yake waliowahi kuvunjika mguu wanasema hayafanani. Sasa anakuja kijana wa Bagamoyo au wa Tanga, analia, anajigaragaza, anaijua dawa yake kwa jina na kwa kipimo kwa sababu amekuwa akilazwa tangu utotoni. Nilisikia kwa masikio yangu akisemwa: "Watu wa Pwani hao, kapenda sindano." Akangojeshwa kwa muda wa saa mbili. Mwenzake wa Geita, ugonjwa ule ule, anakaa kimya, naye anangojeshwa kwa sababu "anaonekana yuko sawa". Yaani ukilia unacheleweshwa, ukinyamaza unacheleweshwa. Niambie mgonjwa afanyeje.

Siku hizi nikiingia zamu ninapita kitanda kwa kitanda kabla sijagusa faili. Ninawaamkia. Kisukuma changu ni cha kuokoteza, lakini "mwangaluka" inatoka vizuri, na nimeona mama wa Shinyanga akigeuza shingo kwa mshangao aliposikia. Hilo pia ni kutumia kabila, najua. Tofauti ni kwamba salamu inafungua mazungumzo, na ile hukumu ilikuwa inayafunga. Kisha ninamuuliza kila mmoja maswali mawili: maumivu yako ni ngapi, kama sifuri ni hakuna na kumi ndiyo mwisho wa maumivu unayoyajua, na, umeambiwa nini kuhusu sisi kabla hujaja? La pili huwashtua. Wengine hucheka. Wengine husema, "Niliambiwa mnatukana." Basi tunaanzia hapo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, sawa, umpelekee tu. Maumivu sharti aulizwe, maana hakuna mwingine anayeyajua.

Sauti yangu bado ni kubwa, nimeumbwa hivyo, nimekulia mahali ambapo mtu anaitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Huwa ninawaambia mapema: nikiongea kwa nguvu sijakasirika, na nikikasirika nisemeni kwa inchaji.

Mwaka 2019 ikawa zamu yangu. Nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, katika hospitali nyingine. Nilipozinduka ilikuwa jioni. Nikasikia kwa mbali nesi mmoja akimkabidhi mwenzake, binti mdogo wa sauti nzuri: "Huyu ni sista mwenzetu, Mkurya, huyu atavumilia. Anza na wale wengine." Wakapita. Na mimi niliyejua yote haya, niliyewafundisha wanafunzi wangapi, nikafumba macho nikavumilia. Nilihisi kama wale wanawake wa Desemba wamenizunguka kitanda, wananitazama kope. Kidonda kilikuwa kinawaka moto. Nikahesabu vigae vya dari, nikavirudia. Saa moja ikapita, nadhani na ya pili.

Dada yangu alikuwa amekuja kutoka Tarime kuniuguza. Alikaa pembeni kwenye stuli, kanishika kidole kimoja tu ili asiguse kanula. Hakusema kitu, lakini niliona ananitazama taya.

Yule binti alipopita tena nikamwita. "Mwanangu." Akaja. "Inauma," nikamwambia. "Kwenye kumi, mimi nipo tisa."

Akashtuka, akasema, "Pole, mama, samahani, nilidhani," hakumalizia. Akaenda haraka kuchukua sindano. Nikageuka kumtazama dada. Alikuwa analia, midomo imefungwa, machozi yanashuka yenyewe hadi kwenye khanga, na hakuinua mkono kuyafuta.